Mkuu Asiposikia: Jinsi ya Kuwashirikisha Wachimbaji Kubaini Vihatarishi Mgodini

Tarehe 19 Novemba 2010 mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River, Nyuzilandi, ulilipuka na kuua watu 29. Tume iliyochunguza ilipopekua kumbukumbu za mgodi ilikuta kwamba katika siku 48 za mwisho kulikuwa na taarifa 21 za gesi ya methani iliyofikia kiwango cha kulipuka, na nyingine 27 za kiwango cha chini ya hapo lakini cha kutia hofu. Watu waliona, wakaandika, karatasi zikapanda juu. Huko juu zikakaa.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu miongozo mingi ya kuwashirikisha wafanyakazi huanza na fomu. Fomu si tatizo. Mgodi unaweza kuwa na fomu za rangi tatu, sanduku la maoni lenye kufuli na bango kubwa getini, na bado mtu akapita chini ya jiwe lililolegea bila kusema neno. Kabla ya kuchapisha chochote jiulize: mtu wa mwisho aliyesema "hapa pana hatari" alijibiwa nini? Wachimbaji wote wanalikumbuka jibu lile, hata kama wewe msimamizi umeshalisahau.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mgodini mambo huenda kinyume: mkuu asiposikia, guu linalovunjika ni la mwingine.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa zamu, afisa usalama, mwakilishi wa wafanyakazi, na pia kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wadogo asiye na ofisi wala kompyuta. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ya tatu, ya nne na ya saba ndizo zinazobeba mzigo, hizo usiziharakishe.

Hatua ya 1: Toa ahadi kabla ya kuuliza

Mwenye mgodi au meneja asimame mbele ya zamu zote, ya usiku ikiwemo, na aseme kwa lugha nyepesi kwamba hakuna atakayefukuzwa, kukatwa malipo au kuhamishiwa kazi mbaya kwa sababu ametaja kihatarishi au amesimamisha kazi akihofia usalama. Kisha maneno hayo yaandikwe, yatiwe saini, yabandikwe mahali watu wanapobadilishia nguo.

Hii si hisani ya mwajiri. Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu usalama na afya migodini, uliopitishwa mwaka 1995, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mchimbaji ana haki ya kutoa taarifa za ajali na vihatarishi kwa mwajiri na kwa mamlaka husika, kuomba ukaguzi, kuelezwa vihatarishi vya mahali anapofanyia kazi, na kuondoka eneo ambalo kwa sababu za msingi anaona lina hatari kubwa. Haki hizo azitumie bila kulipiziwa kisasi. Angalia kama nchi yako imeridhia mkataba huo na sheria ya madini au ya usalama kazini inasemaje. Hata pale ambapo haujaridhiwa, ni kipimo kizuri cha kupimia ahadi yako.

Halafu kagua mfumo wa malipo, maana ahadi ya mdomo haifui dafu mbele ya bahasha ya mshahara. Niliwahi kufanya kazi mahali palipokuwa na ubao wa kuhesabu siku zisizo na ajali, na zamu nzima ilipata bonasi namba ikifika kiwango fulani. Siku moja mwenzetu alibanwa kidole na nyororo ya winchi. Alikifunga kwa kitambaa, akakiingiza ndani ya glovu, akamaliza zamu. Hakutaka kuwa yeye aliyewanyima wenzake pesa. Ubao ule ukaongezwa siku moja zaidi. Bonasi ya namna hiyo inanunua ukimya. Iondoe, au iambatanishe na vihatarishi vilivyoondolewa.

Bonasi ya tani nayo itazame kwa jicho hilohilo. Kama dakika 20 za kuangua mawe yaliyolegea zinahesabiwa kuwa muda uliopotea, usishangae watu wakiziruka.

Hatua ya 2: Wawakilishi wachaguliwe na wenzao

Si wewe unayewateua. Mwakilishi aliyeteuliwa na ofisi ataambiwa mambo ya ofisi. Uchaguzi uwe wa kura, kila eneo la kazi lipate wake, na zamu ya usiku isiunganishwe na ya mchana kwa kisingizio cha uchache.

Wazo hili lina umri mkubwa. Sheria ya migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ya mwaka 1872 iliwaruhusu wachimbaji kuteua mmoja au wawili miongoni mwao kuukagua mgodi walau mara moja kwa mwezi, ingawa kwa gharama zao wenyewe. Hapo penye gharama ndipo pa kurekebisha: mwakilishi alipwe kwa saa anazotumia kukagua na kufundishwa, la sivyo kazi hiyo itafanywa na asiye na familia.

Wanaosahaulika mara kwa mara ni wafanyakazi wa wakandarasi, wanawake wanaoponda na kuchekecha mawe, mafundi wa umeme na mitambo, madereva, na wale wa eneo la kuchenjua madini wanaoshika zebaki, sayanidi na tindikali. Mafundi hasa wasikose. Hufungua mashine zikiwa zimevuliwa vizuizi vyake, kwa hiyo huona kilichojificha ndani.

Hatua ya 3: Noa jicho

Mchimbaji mzoefu anajua mengi, lakini mazoea humfanya asiyaone tena. Jiwe lililoning'inia miezi mitatu bila kuanguka huwa sehemu ya mandhari. Kwa hiyo mafunzo hayalengi kumjaza elimu mpya tu, bali kumrudishia ule mshtuko wa siku ya kwanza.

Tofautisha kwanza mambo mawili. Kihatarishi ni kile kinachoweza kudhuru: jiwe lililolegea kwenye paa. Ukubwa wa hatari hutegemea nani anapita chini yake, mara ngapi, na lina uzito gani. Katika hatua hii tunatafuta la kwanza tu. Mchimbaji asiombwe kukokotoa chochote. Aseme alichokiona, hesabu zitafuata.

Kisha fundisha kwa makundi yanayoshikika kichwani, mkiwa mgodini penyewe na si darasani.

*Kinachoanguka.* Mwamba ugongwe kwa mtaimbo, anayegonga akiwa amesimama chini ya sehemu iliyokwisha kukaguliwa. Mwamba mzima hulia kama chuma. Uliolegea hutoa sauti ya debe tupu. Fundisha kutazama nyufa mpya, vumbi au kokoto zinazodondoka bila kuguswa, magogo ya kuegemeza paa yanayolia au kupinda, na bamba lililobonyea la boliti ya mwamba, ile nondo inayopachikwa kwenye mwamba ili kuushikilia. Kwenye machimbo ya wazi tazama nyufa juu ya ukingo, hasa baada ya mvua, na mawe yaliyobaki ukutani baada ya kulipua.

*Kinachotembea.* Lori kubwa la mgodini lina maeneo mapana ambayo dereva hayaoni kabisa, mbele na upande ulio mbali na kiti chake. Gari dogo zima linaweza kupotea humo. Njia bora ya kufundisha hili ni kumpandisha mtembea kwa miguu kwenye kiti cha dereva wakati injini imezimwa, umwombe ahesabu wenzake waliosimama pande zote. Akishuka hatasimama tena pale alipozoea. Mkanda wa kusafirisha mawe, winchi, nyaya na vizuizi vilivyofunguliwa visifungwe tena vimo katika kundi hili.

*Kinachovutwa puani.* Hapa macho hayatoshi, na ni lazima watu waambiwe hivyo waziwazi. Methani haina harufu, ni nyepesi kuliko hewa hivyo hukusanyika juu karibu na paa, na hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kaboni dioksidi ni nzito, hutuama chini kwenye mashimo na vichochoro visivyo na upepo. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki. Gesi ya salfidi ya hidrojeni hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu iliyotoweka ghafla si habari njema. Moshi wa baruti wenye rangi ya kahawia nyekundu una oksidi za naitrojeni ambazo madhara yake kwenye mapafu huweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshalala nyumbani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kinachoweza kuripotiwa na mtu asiye na kipimo ni dalili zake: feni iliyosimama, mfereji wa hewa uliochanika, kichwa kinachouma kwa kila anayefanya kazi pembe fulani.

*Kilichobanwa.* Nguvu iliyofungiwa inayosubiri kutoka: mpira wa kompresa, tairi lililojaa upepo, mafuta ya haidroliki, umeme, maji nyuma ya ukuta, tundu la baruti ambalo halikulipuka. Ukuta ulioanza kutoka jasho karibu na machimbo ya zamani usipuuzwe hata mara moja.

*Kinachoua polepole.* Kundi hili halitajwi na mtu usipolichokoza. Vumbi la mawe yenye silika linaloonekana kwa macho ndilo lenye nafuu. Chembe zinazofika ndani ya mapafu ni ndogo mno kuonekana. Ugonjwa wake, silikosisi, huchukua miaka, hautibiki, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Kwa kelele kuna kipimo cha bure: kama mnalazimika kupaza sauti mkiwa mmeachana urefu wa mkono tu, huenda mmeshafika desibeli 85 au kupita, kiwango ambacho huharibu masikio kwa anayekaa humo zamu baada ya zamu. Ongeza mtetemo wa mashine ya kutoboa mwamba, joto, usingizi wa zamu ya usiku, na vitisho au unyanyasaji kati ya watu. Hayo nayo ni vihatarishi.

Hatua ya 4: Chora ramani, wakubwa wakiwa nje

Ukiniambia nibakize hatua moja tu, nitabakiza hii.

Kusanya watu sita hadi kumi wa kazi moja. Wape karatasi kubwa, au mkaa na sakafu. Wachore eneo lao kama wanavyolijua wao: njia, ngazi, mashine, mahali pa kulia chakula, pa kujisaidia, njia za mkato ambazo ofisi haizijui. Wasioandika watachora. Halafu kila mmoja aweke alama: kokoto nyekundu palipowahi kuumiza mtu, nyeusi panapomtisha, ya kijani pale ambapo kitu kimeshawahi kukosa mtu chupuchupu. Tumia chochote kilichopo, vizibo vya chupa vinatosha.

Msimamizi asiwepo. Mwakilishi aliyechaguliwa aongoze, na ramani ikikamilika, kikundi chenyewe kiamue nani ataieleza kwa uongozi. Nimeona ramani ya namna hii ikionyesha njia ya mkato iliyopita chini ya mkanda, ikitumiwa na karibu kila mtu kwa sababu njia halali ilikuwa ya kuzunguka mbali. Kwenye taratibu za kazi njia hiyo haikuwepo. Suluhisho halikuwa tangazo la kukataza bali ngazi ya kuvukia juu.

Baada ya ramani ya eneo, wachore umbo la mtu, mbele na nyuma, kila mmoja aweke alama mahali panapomuuma mwishoni mwa zamu. Alama zikirundikana kwenye viganja vya watoboaji au migongo ya wabeba mizigo, umeshapata kihatarishi ambacho hakuna ukaguzi ungekiona.

Waalike na wazee waliostaafu, hasa kwa habari za machimbo ya zamani. Julai 2002, katika mgodi wa Quecreek, Pennsylvania, Marekani, wachimbaji walitoboa hadi kwenye mgodi jirani uliokuwa umeachwa na kujaa maji, kwa kuwa ramani waliyoitegemea haikuonyesha ulikoishia. Wachimbaji hao tisa walionaswa waliwahi kupiga simu ya ndani kuonya kikundi kingine, nacho kikatoka salama. Wao waliokolewa baada ya zaidi ya siku tatu. Ramani ya ofisini ichukuliwe kama shahidi mmoja tu.

Hatua ya 5: Dakika kumi kabla ya zamu

Kikao cha kabla ya zamu huharibika kinapogeuka mahubiri. Msimamizi anasoma kanuni, watu wanaitikia, wanashuka. Kigeuze: msimamizi aongee dakika mbili, nane zilizobaki ziwe za wengine.

Siri iko kwenye swali. Ukiuliza "kuna hatari yoyote?" utajibiwa "hamna, bosi." Jaribu haya badala yake: Jana ni kitu gani kilikushtua? Mgeni akija hapa kesho, utamwambia akae mbali na nini? Kazi gani tunaifanya tofauti na ilivyoandikwa? Nini kimebadilika tangu ulipotoka? Swali la tatu ni zito na litahitaji uvumilivu. Watu hawatalijibu mpaka wameona kwamba aliyejibu wiki iliyopita hakuadhibiwa.

Makabidhiano ya zamu yafanyike uso kwa uso, mahali penyewe pa kazi inapowezekana. Tundu ambalo halikulipuka, feni inayosuasua, gogo lililopasuka: haya yasiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu aliyechoka anayewahi basi.

Msimamizi naye aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe. Nilijifunza hili kwa kuchelewa. Siku niliyosema mbele ya wote kwamba nilipita chini ya mzigo uliokuwa ukining'inia, watu wawili wakataja ya kwao.

Hatua ya 6: Tembeeni pamoja

Walau mara moja kwa mwezi, mwakilishi na msimamizi wakague eneo wakiwa pamoja. Njia wachague wafanyakazi. Tofautisha saa: nendeni pia usiku, siku ya mvua, mwisho wa zamu watu wakiwa wamechoka, na wakati wa matengenezo. Mgodi wa saa nne asubuhi wenye wageni si mgodi wa saa tisa usiku.

Msizunguke kila mahali kwa pupa. Chagueni kazi moja, kwa mfano kujaza baruti au kubadilisha tairi, mkae muitazame mwanzo hadi mwisho, kisha mwombe anayeifanya aeleze sehemu anayoiogopa.

Hatua ya 7: Pokea taarifa, na ujibu

Njia za kuripoti ziwe zaidi ya moja. Kwa mdomo kwa msimamizi, kwa mwakilishi, kwa kadi, kwa simu ya ndani au ujumbe, na iwepo moja isiyodai jina. Kadi iwe na maswali manne tu: umeona nini, wapi, umefanya nini hapohapo, unapendekeza nini. Aliyeongea kwa mdomo asitumwe kwenda kuandika. Anayepokea ndiye aandike. Matukio ya nusura, yale ya "kama ningesimama hatua moja mbele", yapokewe kwa uzito uleule wa ajali, kwa kuwa tofauti kati yao mara nyingi ni bahati.

Kila taarifa iingie katika daftari moja. Nasisitiza moja. Baada ya mlipuko wa mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, Marekani, ulioua watu 29 tarehe 5 Aprili 2010, wachunguzi walikuta kampuni ikiweka daftari mbili: vihatarishi vilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za ndani za uzalishaji na matengenezo havikuandikwa kwenye daftari la ukaguzi linalotakiwa na sheria. Daftari lako lionekane na kila mtu, kwenye ubao uliopo njiani, na kila mstari uwe na tarehe ya taarifa, nani anashughulikia, mwisho lini, na umefikia wapi.

Sasa jibu. Weka kanuni hii na uishike: kinachoweza kuua leo, kazi inasimama sasa hivi, vingine vyote, aliyetoa taarifa apate jibu ndani ya saa 24. Jibu si lazima liwe suluhisho. "Tumeona, boliti zimeagizwa, kwa sasa tumefunga njia" ni jibu. "Tumelitazama na hatutalibadilisha, kwa sababu hizi" pia ni jibu, tena watu hulikubali kuliko unavyodhani. Kinachoua mfumo ni ukimya. Taarifa ya kwanza isiyojibiwa huwa ya mwisho kutoka kwa mtu huyo, na labda kutoka kwa kikundi chake kizima.

Mnapochagua suluhisho, shuka ngazi kwa mpangilio ambao Mkataba Na. 176 unauweka: kwanza ondoa kihatarishi kabisa, ikishindikana, kidhibiti kwenye chanzo chake, kama kutoboa mwamba kwa maji ili vumbi lisiruke, kisha punguza kwa kupanga kazi upya, vifaa kinga vije mwisho, kwa hatari inayobaki. Wafanyakazi wawemo hapa pia. Mashirikiano mengi hukatikia mlangoni: wao wanataja tatizo, ofisi inaleta barakoa.

Na aliyeripoti ndiye athibitishe kuwa limekwisha. Mstari usifungwe kwenye daftari mpaka aende aone mwenyewe. Mara ngapi nimeona "imetengenezwa" ikiandikwa na mtu ambaye hakushuka hata ngazi moja! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mgodini huenda usipate hata nafasi ya kujenga.

Hatua ya 8: Fanyeni mazoezi ya kusimamisha kazi

Haki ya kusimamisha kazi iliyoandikwa karatasini haimsaidii kijana wa wiki ya pili anayetazamwa na watu kumi waliokasirika. Mgodi wa Westray, Kanada, ambako mlipuko wa tarehe 9 Mei 1992 uliua watu 26, ulikuwa na wachimbaji walioijua hatari ya vumbi la makaa. Uchunguzi wa umma ulieleza mazingira ambamo kulalamika kulimaanisha kuhatarisha kibarua.

Kwa hiyo zoezeni kwa vitendo, kama mnavyozoeza kutoka wakati wa moto. Chagueni ishara moja, ya sauti au ya taa, inayomaanisha simama. Mgeni aitoe, wote wasimame bila swali, kisha maelezo yafuate. Amueni mapema: nani ataitwa, nani ataruhusu kazi ianze tena, na msimamizi na mwakilishi wasipokubaliana suala linakwenda kwa nani. Malipo ya muda uliosimama yasiguswe. Ikithibitika kwamba hofu haikuwa na msingi, mshukuru mbele ya watu vilevile. La sivyo umemfundisha kusubiri mpaka awe na hakika, na hakika mgodini huja na kelele.

Kwa wachimbaji wadogo

Kama mko kumi na wawili na shimo moja, msitishwe na urefu wa mwongozo huu. Mnahitaji ubao na chaki mdomoni mwa shimo, mtu mmoja mliyemchagua ambaye neno lake la "tusishuke" halipingwi siku hiyo, na saa moja kila wiki ya kuchora na kuzungumza. Aliyeshuka wa mwisho aandike alichokiona kabla ya wa kwanza kushuka. Swali gumu kwenu ni mwenye mtaji ambaye hayupo shimoni. Makubaliano ya kugawana mapato yataje wazi kwamba siku za kuegemeza paa au kusubiri hewa isafike ni siku za kazi.

Hatua ya 9: Hesabu vinavyostahili

Idadi ya ajali huja kwa kuchelewa na ni rahisi kuificha. Hesabu taarifa kwa kila kikundi, siku ambazo taarifa hukaa kabla ya kufungwa, asilimia ya zilizothibitishwa na mwenye kuripoti, na mara ngapi kazi ilisimamishwa. Katika miezi ya kwanza taarifa zitaongezeka, na meneja atashtuka. Mwandae mapema: mgodi haujaharibika, umeanza kusema.

Rudieni ramani ya hatua ya nne kila kinapobadilika kitu: mashine mpya, tabaka jipya, mkandarasi mpya, baruti ya aina nyingine, mvua kubwa, kurudi kazini baada ya mgodi kufungwa kwa muda.

Kikundi ambacho hakijaleta taarifa hata moja kwa mwezi mzima usikipe zawadi. Kitembelee, bila daftari wala kamera, ushuke nao na ukae zamu nzima.